Msitupe amplifaya za zamani kwa sababu ya Blu-ray

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili tuwafikie wasomaji wenye hom thieta za zamani majumbani. Siku hizi mtu akiingia dukani kuulizia deki ya Blu-ray, diski iliyoifuata DVD, huambiwa kwamba vyombo vyake vimepitwa na wakati, anunue seti mpya nzima. Ndiyo maana amplifaya za kilo kumi na mbili, zenye transfoma ya shaba tupu, zinaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu, spika za mbao zinageuzwa meza ya kuwekea feni, na chini ya TV inakaa saundibaa nyembamba ya plastiki. Inatuuma. Sisi ni mafundi wa vyombo vya sauti na picha, wengine Mlandege na wengine Chake Chake, na tunasema wazi: kilichozeeka ni deki na njia ya kuunganishia. Amplifaya na spika zikiwa nzima bado zina miaka ya kazi, na mara nyingi zinapiga vizuri kuliko hicho kinacholetwa kushika nafasi yake.

Tuanze na kilichobadilika. Picha ya DVD ya PAL (mfumo wa TV za zamani za kwetu) ina mistari 576, kila mstari nukta 720. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ina mistari 1080 yenye nukta 1920. Ukizidisha utakuta nukta ni mara tano kamili. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7; Blu-ray ya tabaka moja hubeba 25, na ya tabaka mbili 50. Nafasi hiyo haikuchukuliwa na picha peke yake. Sauti ya DVD ilibanwa sana ili ienee. Kwenye Blu-ray mara nyingi huwekwa bila kupunguzwa kitu, kwa mifumo ya Dolby TrueHD, DTS-HD Master Audio au PCM (sauti isiyobanwa kabisa). Hapo ndipo mteja anapotishwa kwamba amplifaya isiyoandikwa majina hayo usoni haifai. Si kweli, na kabla ya kutoa senti moja, geuza amplifaya yako utazame mgongo wake.

Kundi la kwanza ni amplifaya nyingi za miaka ya 2000, zenye tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL, au tundu la duara la rangi ya chungwa au nyeusi lililoandikwa COAXIAL. Hilo linatosha kuanzia. Njia hii haina upana wa kupitisha TrueHD wala DTS-HD nzima, lakini waliotunga Blu-ray walilifikiria jambo hilo. Diski yenye TrueHD hulazimika kubeba pembeni nakala ya Dolby Digital ya kawaida, na DTS-HD imejengwa juu ya kiini cha DTS ile ile ya zamani. Deki hutuma nakala hiyo au kiini hicho, na amplifaya ya mwaka 2001 inakifungua bila taabu. Tena si sawa na DVD: Dolby Digital ya DVD ilikuwa ikiishia kilobiti 448 kwa sekunde, hii hufika 640. DTS ya DVD nyingi ilikuwa nusu ya kiwango chake. Kwenye Blu-ray inakuja kamili, kilobiti 1,509. Tofauti inasikika, khasa kwenye mvua, makofi na vyombo vya nyuzi.

Tatizo ni kwamba deki nyingi zikitolewa kwenye boksi hazijapangwa hivyo. Ingia kwenye menyu ya sauti. Ukikuta PCM imechaguliwa kwa njia ya optical au coaxial, utapata chaneli mbili tu, kushoto na kulia. Spika za nyuma zitanyamaza na utaambiwa amplifaya imekufa. Chagua Bitstream, yaani deki itume sauti ikiwa imebanwa vile vile na amplifaya iifungue. Kisha tafuta kipengele cha kuchanganya sauti ya pili, ambacho huandikwa BD Audio Mix au Secondary Audio, ukizime. Kikiwa kimewashwa, deki inalazimika kuifungua sauti ya filamu ili ichanganye na milio ya menyu na maelezo ya mtengenezaji wa filamu, na inayotoka mwisho si ile iliyo kwenye diski. Amplifaya ikiwasha taa ya Dolby Digital au DTS wakati filamu inacheza, umepatia.

Usipitishe waya wa sauti kwenye TV ukidhani ni njia ya mkato. TV nyingi zikipokea sauti ya chaneli sita kwa HDMI (waya mmoja wa picha na sauti) huitoa kwenye tundu lake la optical ikiwa chaneli mbili. Waya wa HDMI uende kwenye TV kwa ajili ya picha, na waya wa sauti utoke kwenye deki moja kwa moja hadi amplifaya. Midomo ikionekana inachelewa kuliko maneno, ni TV inayochukua muda kuisafisha picha. Chelewesha sauti kwenye deki au amplifaya kuanzia milisekunde 50, ongeza kidogo kidogo. Deki mpya za bei ndogo nyingi hazina tundu la sauti zaidi ya HDMI, kwa hiyo tazama nyuma kabla ya kulipa. Ikiwa ina coaxial tu, huna haja ya waya maalumu: ule waya wa njano wa picha uliokuja na deki ya zamani una omu 75 zile zile na unafanya kazi. Kama deki haina hata hilo, kuna kiboksi cha kutenganisha sauti ya HDMI. Vingi vina swichi ndogo ubavuni yenye nafasi za TV, 2CH (chaneli mbili) na 5.1 (chaneli sita: spika tano na sabufa). Ikiachwa kwenye TV, deki huambiwa kwamba mpokeaji ni TV na hutuma chaneli mbili. Isukume hadi 5.1, kisha zima deki na uiwashe tena.

Kundi la pili la amplifaya lina matundu sita pamoja yaliyoandikwa MULTI CH IN au 5.1 INPUT. Mwenye hizo ana bahati, kwa sababu deki yenye matundu sita ya kutolea sauti ya aina hiyo itaifungua TrueHD yenyewe na kuituma nzima. Deki hizo zilitengenezwa zaidi miaka ya mwanzo ya Blu-ray, na leo hupatikana kwenye mitumba. Mambo mawili hukosewa hapa. Kwanza, kwa amplifaya nyingi matundu haya huruka hesabu zote za ndani, hivyo ukubwa wa spika na umbali wake hupangwa kwenye deki, si kwenye amplifaya. Pima kwa futi kamba kutoka unapokaa hadi kila spika. Mita moja ya kosa ni karibu milisekunde tatu. Pili, sabufa husikika imepwaya. Chaneli ya sauti nzito hurekodiwa desibeli 10 chini, na amplifaya nyingi haziziongezi kwenye njia hii. Ongeza mwenyewe desibeli 10 kwenye deki au kwenye kitufe cha sabufa.

Kundi la tatu ni amplifaya za kwanza zenye HDMI, za takriban 2004 hadi 2007. Nyingine hupitisha picha tu wala hazigusi sauti. Hizo zitumie kwa optical. Zinazopokea sauti huweza kupokea PCM ya chaneli zote, ingawa hazijui TrueHD, ambayo HDMI ilianza kuibeba kwa toleo la 1.3 mwaka 2006. Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu mpangilio ni kinyume cha ule wa optical: kwa HDMI ya zamani chagua PCM, deki ifanye kazi ya kufungua. Amplifaya itaandika MULTI CH au PCM na haitawasha taa ya TrueHD. Usihangaike na taa. Kinachofika ni kile kile, biti kwa biti.

Zile seti za DVD za boksi moja, zenye spika ndogo tano na sabufa isiyo na umeme wake, ndizo zenye nafasi finyu. Zikiwa na optical, tumia. Zikiwa na AUX peke yake, utapata chaneli mbili na si zaidi. Ukitaka kuhamisha spika zake kwenye amplifaya nyingine, soma kwanza maandishi ya nyuma: nyingi ni omu 3 au 4, na amplifaya ya omu 6 hadi 8 ikiongezwa sauti itajizima kujilinda, au itaunguza transista.

Kuhusu picha, mwenye TV ya zamani yenye matundu matatu ya rangi nyekundu, kijani na buluu lakini isiyo na HDMI ajue hili. Kwa masharti ya ulinzi wa diski, deki zilizotengenezwa baada ya 2010 hazitoi picha ya Blu-ray kwa ubora wake katika matundu hayo. Huishusha hadi kiwango cha DVD. Zilizotengenezwa baada ya 2013 hazitoi kabisa. Kwa hiyo hapo TV ndiyo ibadilishwe. Lakini pimeni na umbali. Kwa TV ya inchi 40, jicho zuri huona faida yote ya mistari 1080 likiwa umbali wa kama mita 1.6; likiwa mita tatu, tofauti na DVD nzuri inakaribia kupotea. Wengi huning'iniza TV ya inchi 32 ukuta wa mbali kisha wanalalamika kwamba Blu-ray ni uongo. Sogeza kiti. Halafu kwenye menyu ya TV zima ile kukuza picha hadi kingo zikatike (overscan), ili nukta ya diski ikae juu ya nukta ya kioo.

Kuna faida moja isiyosemwa dukani. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini DVD ya PAL huicheza kwa 25. Filamu ya dakika 100 ilikuwa ikiisha kwa dakika 96, na kila sauti ikipanda juu kidogo, si mbali na nusu sauti. Sikio lililozoea fidla na ganuni linaitambua mara moja. Blu-ray ya filamu huicheza kwa 24 ile ile, na waimbaji hurudi kwenye sauti zao. Washa 24p (picha 24 kwa sekunde) kwenye deki, TV ikiweza, ili picha nayo iende sawasawa.

Sasa manunuzi, maana huku ndiko fedha zinakopotea. Vyombo vingi vya mtumba vinashuka kwa kontena kutoka Japani, Uingereza na Dubai. Cha Japani ni volti 100. Ukikichomeka kwenye umeme wetu wa 230, fyuzi ikichelewa kukatika transfoma inakwenda. Usikubali kuambiwa kwamba kibadilishi cha volti 110 kinatosha. Umeme wetu ukipanda hadi 245, kibadilishi hicho hutoa 117, na kapasita zilizopangiwa 100 huchemka kila siku hadi zivimbe. Tafuta transfoma ya kweli ya 230 kwenda 100, nzito mkononi, na iwe na uwezo wa ziada: amplifaya iliyoandikwa wati 300 nyuma ipewe ya 500. Vile vibadilishi vyepesi vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na mashine za nywele visikaribie kabisa vyombo vya sauti.

Kisha maeneo ya diski, yaani sehemu za dunia ambazo diski na deki hufungiwa. Tanzania, kwa DVD, ni eneo la 5; Uingereza, Dubai na Japani zote ni eneo la 2. Kwa Blu-ray mgawanyo ni mwingine: sisi, Uingereza na nchi za Ghuba tuko B, Japani na Marekani ni A, na India ni C. Kwa hiyo deki ya Blu-ray ya Japani itakataa diski nyingi utakazonunua Dubai, na diski ya filamu ya Kihindi iliyofungwa C haitacheza kwenye deki ya B. Deki nyingi za DVD zilifunguliwa kwa namba za rimoti. Blu-ray mara nyingi haifunguki hivyo. Diski za Ultra HD (Blu-ray za picha ya 4K), zilizotoka 2016, hazina kufuli hili, ila zinataka deki yake. Mwenye amplifaya ya zamani yenye HDMI akitaka Ultra HD achague deki yenye HDMI mbili, moja ya picha kwa TV na moja ya sauti.

Jihadharini na maboksi mekundu ya HD DVD. Ilikuwa ikishindana na Blu-ray, na Toshiba iliiacha Februari 2008. Deki yake haisomi Blu-ray na haitasoma kamwe, hata iwe mpya namna gani. Na zile diski za barabarani zinazoandikwa Blu-ray kwa kalamu, zijaribu kwenye deki ya kawaida ya DVD. Ikicheza, si Blu-ray. Mwanga mwekundu wa DVD, wa nanomita 650, hauwezi kusoma alama zilizochongwa kwa ajili ya mwanga wa nanomita 405.

Diski halali ikikataa kucheza kwenye deki nzima, mara nyingi deki haina funguo mpya za diski hiyo. Pakua programu mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa namba kamili ya modeli, iweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, na usiguse swichi ya umeme hadi imalize. Umeme ukikatika katikati, deki inaweza isiwake tena. Fanya kazi hiyo kwa betri na inveta kama unayo.

Diski yenyewe inataka adabu. Tabaka la data la Blu-ray liko milimita 0.1 tu chini ya uso, wakati la DVD liko 0.6. Ina ngozi ngumu, lakini chumvi ya hewa yetu na alama za vidole huuzuia mwanga wa leza. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu, kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Diski za brashi za kusafishia lenzi za DVD msizitie kwenye deki ya Blu-ray.

Nyaya za spika nazo zinadanganya. Milimita mraba 1.5 inatosha hadi mita 10 kwa spika ya omu 8. Ukwangue kwa kisu: ukiwa na rangi ya shaba juu na mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, ukatae. Ukiwa mweupe juu na shaba ndani, ni shaba iliyopakwa bati, ile ya kwenye boti, na kwa nyumba za pwani hakuna bora zaidi. Shaba tupu hugeuka kijani; kila baada ya masika kata sentimita moja, menya upya, kaza. Bonyeza taratibu sponji inayozunguka koni ya spika. Ikimung'unyika kama biskuti, haijafa: sponji hubadilishwa kwa mpira wa kipimo kile kile na spika inarudi. Muungurumo unaosikika hata sauti ikiwa sifuri ni kapasita kubwa zilizokauka. Ziwekwe za maikrofaradi zile zile, volti zisizopungua, za nyuzi 105. Ila uking'oa waya wa dishi kwenye king'amuzi na muungurumo ukakoma, usifungue amplifaya. Kosa liko kwenye waya huo.

Vyumba vya Mji Mkongwe vilipimwa kwa urefu wa boriti, kwa hiyo ni vyembamba. Chumba cha upana wa mita 2.8, chenye kuta za mawe na chokaa, huivimbisha sauti ya karibu 62 Hz hadi kila kishindo kivume kama msondo. Usiiweke sabufa kwenye kona ya chumba. Iweke katikati ya ukuta mfupi, chini ya TV, ambapo mvumo huo hauipati nguvu, kisha tundika pazia zito upande mmoja wa ukuta mrefu ili sauti nyembamba zisirukeruke.

Mwisho ni mjusi. Huingia kwenye amplifaya kutafuta joto, hutaga humo, na akikanyaga sehemu ya umeme mkubwa huungua pamoja nayo. Zungushia kabati wavu wa dirisha, usiubandike juu ya matundu ya hewa, na acha sentimita 10 wazi juu ya amplifaya.

Tunawaomba wenye maduka, Unguja na Pemba, waandike kwa kalamu juu ya kila deki na amplifaya ya mtumba mambo manne: volti, eneo la diski, njia za sauti zilizopo nyuma, na kama imejaribiwa kwa diski ya Blu-ray au kwa DVD tu. Ni kazi ya dakika tano kwa chombo kimoja.

Ni sisi mafundi wa sauti na picha,
Mlandege, Unguja, na Chake Chake, Pemba.